Chuma ghafi: si mtapo, si feleji

Chuma ghafi (nomino, ngeli ya KI-VI): chuma kinachotoka tanuruni mara baada ya mtapo kuyeyushwa kwa makaa na mawe ya chokaa, kikiwa bado na kaboni nyingi na mabaki ya elementi nyingine, kabla ya kusafishwa au kugeuzwa kuwa bidhaa.

Jina hili huonekana jepesi, na wepesi huo ndio unaoponza. Katika maandishi ya Kiswahili ya leo, hutumika kwa mwamba unaochimbwa mgodini, kwa chuma kilichotoka tanuruni, na mara nyingine hata kwa vyuma chakavu vinavyookotwa mitaani. Vitu hivyo vitatu havifanani kwa umbile, kwa bei wala kwa kazi. Mfasiri wa mkataba wa madini, mwandishi wa habari za viwanda na mwalimu wa ufundi hawawezi kuviita kwa jina moja bila mtu fulani kupata hasara. Makala haya yanaeleza chuma ghafi ni nini hasa, hupatikanaje, hutumika wapi, na maneno gani ya Kiswahili yanakitenga na jamaa zake.

Muundo wa jina

*Ghafi* ni kivumishi kisichopokea viambishi vya upatanisho wa ngeli. Husemwa *mafuta ghafi*, *pato ghafi*, *takwimu ghafi*, na vivyo hivyo *chuma ghafi*. Umbo *chuma kighafi* si sahihi. Kivumishi hikihiki kimeungana na *mali* kuzaa nomino *malighafi*.

Ugumu hauko katika sarufi bali katika maana. Ughafi hupimwa kwa hatua inayofuata, wala hauna kipimo chake wenyewe. Mafuta ghafi ni yale yaliyotoka ardhini bila kupitia mtambo wa kusafishia. Kwa mlinganisho huo, msomaji hudhani kwamba chuma ghafi nacho ni kile kilichotoka ardhini. Sivyo. Kinachotoka ardhini ni *mtapo* (wingi: *mitapo*), ambao baadhi ya wasemaji huuita *mbale*. Mtapo ni mwamba: ndani yake chuma kimefungamana na oksijeni, na pembeni yake kuna mchanga, udongo na madini mengine. Mitapo mashuhuri ya chuma ni hematiti na magnetiti.

Chuma ghafi kimekwisha kupita motoni. Oksijeni imekwisha kuondolewa, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni chuma chenyewe. Kinaitwa ghafi kwa sababu bado hakijawa feleji wala kifaa chochote. Kijerumani nacho kimefuata njia hiyohiyo: *Roheisen* ni neno lililoundwa na *roh*, yaani ghafi, na *Eisen*, yaani chuma. Kwa hiyo jina la Kiswahili halina kasoro. Linachohitaji ni kulindwa lisihamishiwe mgodini.

Tanuru la mvukuto

Tanuru linalozalisha chuma ghafi limepewa jina baya katika tafsiri nyingi: *tanuri ya mlipuko*. Hakuna kinacholipuka humo. Neno la kigeni lililotafsiriwa hivyo lina maana mbili, mlipuko na mvumo wa hewa, na mfasiri akachukua isiyo yake. Kiini cha tanuru hilo ni upepo unaosukumwa kwa nguvu ndani ya moto. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo tangu zamani: *kuvukuta*, yaani kupuliza moto kwa kifaa cha mhunzi kiitwacho *mvukuto*. *Tanuru la mvukuto* ni jina linaloeleza jambo lenyewe, na ndilo linalotumika hapa.

Tanuru la kisasa ni mnara wa chuma uliojengewa matofali ya kuhimili moto kwa ndani, na lililo kubwa hufikia mita 30 na zaidi. Juu hutiwa tabaka kwa tabaka mtapo, makaa ya koki na mawe ya chokaa. Chini, kupitia mirija iliyozunguka tanuru, huingizwa hewa iliyokwisha kupashwa joto, mara nyingi zaidi ya nyuzijoto 1,000 za Selsiasi. Malighafi hushuka polepole, gesi hupanda kwa kasi, na vitu hivyo viwili hukutana njiani.

Hewa moto inapokutana na koki, kaboni huungua na kuwa kaboni dayoksidi. Gesi hiyo hukutana na koki zaidi na kugeuka kaboni monoksidi. Hii ndiyo mtendaji mkuu: inapopanda katikati ya mtapo, huunyang'anya oksijeni na kuacha chuma. Mawe ya chokaa nayo hugawanyika kwa joto, kisha chokaa huungana na silika ya mwamba na kufanya uji wa moto unaoelea juu ya chuma kwa kuwa ni mwepesi zaidi. Uji huo ukipoa huitwa *mavi ya chuma*, jina la wahunzi ambalo halipaswi kuonewa haya. Mavi hayo yakisagwa hutumika katika kutengeneza saruji.

Hatua moja iliyobaki ndiyo inayokipa chuma ghafi tabia yake. Chuma kinaposhuka kikigusana na koki hufyonza kaboni. Chuma safi huyeyuka kwa nyuzijoto 1,538. Chuma kilichonyonya kaboni ya takribani asilimia 4.3 huyeyuka kwa nyuzijoto zipatazo 1,150 tu. Kaboni hukifanya chuma kiwe majimaji kwa urahisi, kikatiririka chini na kutolewa kwa tundu. Kinachotiririka huwa na kaboni kati ya asilimia 3.5 na 4.5 kwa kawaida, pamoja na silikoni, manganizi, fosforasi na sulfuri kwa viwango vinavyotegemea mtapo na makaa.

Kwa karne nyingi makaa yaliyotumika yalikuwa ya kuni. Mwaka 1709, huko Coalbrookdale nchini Uingereza, Abraham Darby alifanikiwa kuyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa ili kuondoa gesi na lami. Koki ni ngumu kuliko mkaa wa kuni na haipondeki upesi chini ya uzito, hivyo iliruhusu matanuru marefu zaidi. Mwaka 1828 James Beaumont Neilson wa Uskochi alipata hataza ya kupasha hewa joto kabla ya kuipuliza, na matumizi ya makaa yakapungua sana. Hata hivyo mkaa wa kuni haujatoweka: nchini Brazili bado kuna matanuru yanayozalisha chuma ghafi kwa mkaa wa mikalitusi iliyopandwa kwa kazi hiyo.

Nguruwe wa Waingereza

Waingereza hukiita chuma hiki kwa jina lenye nguruwe ndani yake. Zamani, chuma kilichoyeyuka kilitiririshwa katika mfereji uliochimbwa kwenye sakafu ya mchanga mbele ya tanuru. Kutoka mfereji huo mkubwa yalichipuka matawi mafupi, yaliyopangana ubavuni mwake kama vitoto vya nguruwe vinavyonyonya kwa mama. Chuma kilipoganda, vipande hivyo vilivunjwa na kuuzwa kimoja kimoja.

Mfano huo ni wa mfugaji wa Ulaya, nao hauna kazi katika Kiswahili. Umbo *chuma cha nguruwe*, linaloonekana katika baadhi ya tafsiri za mashine, halimwelezi msomaji lolote juu ya kitu chenyewe na humpeleka fikra mahali pengine. Kipande cha chuma kilichogandishwa kwa ajili ya kusafirishwa kina jina lake: *mkuo* (wingi: *mikuo*), neno linalotumika pia kwa dhahabu na fedha. Basi chuma ghafi ni jina la kitu, na mkuo ni jina la umbo. Tofauti hii ina faida, kwa sababu sehemu kubwa ya chuma ghafi duniani haigandi kamwe kuwa mikuo. Hubebwa ikiwa majimaji katika mabehewa maalumu hadi kwenye mtambo wa feleji ulio jirani.

Chuma kisichofulika

Usemi kwamba chuma hufuliwa kingali moto ni wa kweli kwa mhunzi, lakini hauhusu chuma ghafi. Mkuo wa chuma ghafi ukipashwa moto na kupigwa nyundo juu ya fuawe haupindi, huvunjika. Kaboni ileile iliyokiwezesha kutiririka imekifanya kiwe kigumu na chepesi kukatika.

Hapa ndipo historia ya msamiati wa Kiswahili inapoeleweka. Lugha hii ina maneno mengi ya uhunzi: *mhunzi*, *fuawe*, *mvukuto*, *kufua*, *mfua chuma*. Yote ni maneno ya chuma kinachopigwa. Sababu ni kwamba ufundi wa chuma wa Afrika Mashariki ya kale haukuzalisha chuma ghafi. Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria na Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania walijenga matanuru ya udongo ambamo mtapo uligeuka chuma bila chuma hicho kutiririka kama maji. Kilichotoka kilikuwa bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilisafishwa kwa moto na nyundo hadi likawa jembe, shoka au mkuki. Wafipa walikuwa na matanuru marefu yaliyoitwa *malungu*, yaliyovuta hewa yenyewe bila mvukuto.

Njia hiyo haikuwa hatua ya chini iliyosubiri kukamilishwa. Ilikuwa njia nyingine, na ilimpa mhunzi moja kwa moja chuma chenye kaboni kidogo, kinachofulika. China, ambako chuma kiliyeyushwa na kumiminwa katika ita karne kadhaa kabla ya Kristo, ilifuata njia ya chuma chenye kaboni nyingi, na ikabidi ibuni namna ya kuiondoa kaboni hiyo pale ilipotaka chuma laini. Kwa hiyo Kiswahili kilipokutana na chuma ghafi, kilikutana na kitu kigeni kwa wahunzi wake. Kitenzi kinachokifaa si *kufua* bali *kusubu*: kuyeyusha madini na kuyamimina katika *ita* au *kalibu* yachukue umbo.

Matumizi viwandani

Matanuru ya dunia huzalisha zaidi ya tani bilioni 1 za chuma ghafi kwa mwaka, na zaidi ya nusu hutoka China. Sehemu kubwa mno ya mazao hayo ina kazi moja, nayo ni kutengeneza *feleji*. Feleji ni chuma chenye kaboni chini ya takribani asilimia 2, na mara nyingi chini ya asilimia 1. Kwa hiyo kutengeneza feleji kutokana na chuma ghafi ni kazi ya kupunguza kaboni.

Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia ya kupuliza hewa ndani ya chuma ghafi kilichoyeyuka. Kaboni na silikoni ziliungua zenyewe na kutoa joto la kutosha kukiweka chuma katika hali ya majimaji, pasipo kuongeza kuni wala makaa. Njia hiyo ilishindwa kuondoa fosforasi, ambayo huifanya feleji ikatike ikiwa baridi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1870, Sidney Gilchrist Thomas alipotumia tanuru lenye kuta za asili ya chokaa. Tangu mwaka 1952, kazi iliyoanza huko Linz, Austria, ya kupuliza oksijeni safi badala ya hewa imeenea, na leo ndiyo njia kuu ya kugeuza chuma ghafi kuwa feleji.

Matumizi ya pili ni *chuma cha kusubu*. Mikuo ya chuma ghafi chenye silikoni ya kutosha huyeyushwa upya, mara nyingi pamoja na vyuma chakavu, viwango vya elementi hurekebishwa, kisha humiminwa katika kalibu za mchanga. Msomaji anakifahamu chuma hiki hata kama hajui jina lake: pasi ya mkaa, miguu ya cherehani ya kukanyaga, mifuniko ya chemba barabarani, jiliwa la karakana, diski za breki na bloku za injini nyingi. Kinapoganda, sehemu ya kaboni hujitenga na kuwa vipande vyembamba vya grafiti. Vipande hivyo hukifanya kichongeke vizuri na kimeze mtetemo, jambo linalofaa kwa vitako vya mashine. Lakini pia ni nyufa ndogondogo zilizosambaa mwilini mwake. Katika miaka ya 1940 iligunduliwa kwamba magnesi kidogo huigeuza grafiti kuwa vitone vya duara, na chuma kikawa kistahimilivu zaidi. Aina hiyo huhitaji chuma ghafi safi sana, na hutumika hasa kwa mabomba ya maji na sehemu za magari.

Matumizi ya tatu ni katika matanuru ya umeme yanayoyeyusha vyuma chakavu. Vyuma chakavu huja na shaba kutoka kwenye nyaya na mota, na shaba ikishaingia katika feleji haitoki kwa urahisi. Chuma ghafi, ambacho hakijawahi kukutana na taka hizo, huongezwa ili kuipunguza nguvu.

Gharama ya kuchanganya majina

Tofauti hizi si za kamusi peke yake. Tarehe 24 Mei 1847, daraja la reli juu ya mto Dee mjini Chester, Uingereza, lilivunjika treni ikipita, na watu watano wakafa. Boriti zake zilikuwa za chuma cha kusubu zilizoongezewa nondo za chuma cha kufua. Chuma cha kusubu hustahimili sana kukandamizwa lakini ni dhaifu kinapovutwa, na upande wa chini wa boriti inayobeba mzigo huvutwa. Jina *chuma* lilitosha kwa mpita njia. Kwa mhandisi halikutosha.

Fundi wa kuchomelea hukutana na jambo hilohilo kwa kiwango kidogo. Bloku ya injini iliyopasuka ikichomelewa kana kwamba ni feleji ya kawaida, hupasuka tena kando ya kiungo inapopoa. Chuma cha kusubu kwa kawaida hutaka kupashwa joto kabla, rodi zenye nikeli, na kupozwa polepole. Mwongozo wa Kiswahili unaosema *chuma* tu bila kutaja aina unamharibia kazi.

Katika sera, mfano ulio karibu ni Liganga, wilayani Ludewa, mkoani Njombe, ambako kuna mtapo mkubwa wa chuma, huku makaa ya mawe ya Mchuchuma yakiwa katika wilaya hiyohiyo. Mtapo wa Liganga una titani na vanadi. Titani nyingi huyafanya mavi ya chuma yawe mazito na kuziba tanuru la mvukuto, hivyo mtapo wa namna hii hudai mbinu maalumu. Panzhihua nchini China ni mahali ambapo mtapo wa jamii hiyo huyeyushwa kwa kiwango kikubwa. Nchi inayouza mtapo inauza mwamba, pamoja na titani na vanadi iliyomo. Inayouza chuma ghafi imekwisha kujenga tanuru na kuajiri mafundi wake. Inayouza feleji imekwenda mbali zaidi. Mkataba au habari inayosema *chuma ghafi* pale penye *mtapo* inafuta hatua nzima ya kiwanda kwa neno moja, na mwananchi anayesoma hawezi kujua kinachoahidiwa ni kipi.

Muhtasari wa matumizi

*Mtapo wa chuma*: mwamba wenye chuma, kama unavyochimbwa. Usiuite chuma ghafi.

*Chuma ghafi*: zao la kwanza la tanuru la mvukuto, lenye kaboni nyingi. Mfano: Kiwanda hununua mikuo ya chuma ghafi kwa ajili ya kusubu vitako vya mashine.

*Chuma cha kusubu*: chuma chenye kaboni nyingi kilichorekebishwa na kumiminwa katika kalibu kuwa kifaa. Chuma ghafi ni malighafi yake. Si kitu kilekile.

*Chuma cha kufua*: chuma chenye kaboni kidogo sana, kinachopigwa na kupindwa kwa nyundo.

*Feleji*: chuma kilichopunguzwa kaboni kwa kipimo. Huitwa pia *chuma cha pua*, lakini katika biashara jina hilo la pili sasa hutumika mara nyingi kwa feleji isiyoshika kutu pekee. Katika maandishi ya kiufundi ni salama zaidi kuandika *feleji* kwa jumla, na *feleji isiyoshika kutu* kwa aina hiyo mahususi.

*Vyuma chakavu*: vyuma vilivyokwisha kutumika na vinavyosubiri kuyeyushwa upya. *Chakavu*, kama *ghafi*, haipokei kiambishi cha ngeli. Kufanana kwao kunaishia hapo: kilicho ghafi bado hakijaanza kazi, na kilicho chakavu kimekwisha kuimaliza.